Maumivu ya Chini ya Kitovu Yasipuuzwe: Chanzo na Dalili za Ugonjwa wa PID

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi, ya kusomwa katika mabaraza, vikundi vya akina mama, mikutano ya vijana na vyumba vya kusubiria kliniki.



Kuna ugonjwa unaowapata wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa. Unatibika, na dawa zake ni za kawaida. Hata hivyo, ugonjwa huohuo huwaacha wanawake na maumivu ya miaka mingi, huwanyima wengine watoto, na mara nyingine hufungua njia ya kifo. Sababu kubwa ni kwamba unaumiza mahali ambapo wengi huona haya kupataja. Mwanamke hujikaza, hununua dawa ya maumivu dukani, huendelea na kazi, na siku zinapita. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa ugonjwa huu, methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Hospitalini ugonjwa huu huandikwa kwa herufi tatu: PID. Mgonjwa huziona herufi hizo kwenye kitabu chake cha kliniki, na mara nyingi hurudi nyumbani bila kuelewa zina maana gani. Mazungumzo haya yanaeleza PID ni nini, inasababishwa na nini, inajitambulisha vipi, na nini kifanyike mapema.

PID ni nini?

PID ni maambukizi ya viungo vya uzazi vya mwanamke vilivyo ndani ya nyonga. Viungo hivyo ni mfuko wa uzazi, mirija miwili inayopitisha yai, na ovari mbili zinazotengeneza mayai.

Uke wa kila mwanamke una vijidudu vyake vya kawaida, na vingi havina madhara. Vingine hata humlinda. Kati ya uke na mfuko wa uzazi kuna mlango wa kizazi, na ndani ya mlango huo kuna ute mzito unaozuia vijidudu kupanda juu. Mlango huo ni kama askari wa getini. Maambukizi yanapoushambulia mlango wenyewe, askari hushindwa na vijidudu hupanda. Hufika kwanza kwenye mfuko wa uzazi, kisha kwenye mirija, kisha kwenye ovari, na huweza kumwagika hadi kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo.

Sehemu inayoumia vibaya zaidi ni mirija. Kila mrija una urefu wa takriban sentimita 10, na mahali penye wembamba zaidi tundu lake ni kama uzi. Ndani yake mna vinyweleo vidogo sana vinavyolisukuma yai kuelekea mfuko wa uzazi. Maambukizi yanapopita humo, mrija huvimba, vinyweleo huharibika, na baada ya kupona hubaki makovu. Dawa inaweza kuua vijidudu vyote, lakini haiwezi kuondoa kovu. Ndiyo maana siku za mwanzo ni muhimu kuliko siku nyingine zote.

Chanzo chake

Visa vingi vya PID huanza na maambukizi ya zinaa ambayo hayakutibiwa. Mawili yanayojulikana zaidi ni klamidia na kisonono. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee kulikuwa na maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia na milioni 82 ya kisonono miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 duniani.

Klamidia ina hila yake. Wanawake wengi walio nayo hawahisi chochote. Hakuna maumivu, hakuna muwasho, na hakuna uchafu wa kushtua. Wanaume wengi pia huibeba bila dalili. Basi mtu anaweza kuishi nayo kwa miezi mingi, akaipitisha kwa mwenzake, na wote wawili wasijue.

Si kila PID inatokana na magonjwa ya zinaa. Vijidudu vya kawaida vya uke vinaweza kuzidi kiasi, hasa vile vinavyosababisha majimaji ya kijivu yenye harufu kama ya samaki, navyo vikapanda juu. Mara chache, kifua kikuu huweza kutoka mapafuni kwa njia ya damu na kushambulia mirija ya uzazi.

Kuna pia nyakati ambazo mlango wa kizazi hufunguka na kuwapa vijidudu nafasi. Nyakati hizo ni baada ya kujifungua, baada ya mimba kuharibika, na baada ya kutoa mimba kwa njia isiyo salama kwa vifaa vichafu. Mwanamke anayepata homa, maumivu ya tumbo la chini au majimaji yenye harufu mbaya baada ya mojawapo ya mambo hayo anapaswa kwenda hospitalini siku hiyohiyo. Wajibu wa mhudumu wa afya ni kumtibu na kutunza siri yake.

Ni nani aliye hatarini zaidi?

Mwanamke yeyote anayeshiriki tendo la ndoa anaweza kupata PID. Hatari huongezeka kwa wafuatao:

• Msichana au mwanamke mwenye umri wa chini ya miaka 25. Mlango wa kizazi wa msichana haujakomaa kikamilifu, na klamidia huupenya kwa urahisi zaidi.
• Mwanamke mwenye wapenzi zaidi ya mmoja, au ambaye mume au mpenzi wake ana wengine nje.
• Mwanamke aliyewahi kuugua PID au ugonjwa wowote wa zinaa.
• Mwanamke anayeosha ndani ya uke kwa sabuni, dawa, ndimu, chumvi au mitishamba.
• Mwanamke aliyewekewa koili akiwa tayari na maambukizi ambayo hayakugunduliwa. Hatari hii huwa zaidi katika wiki tatu za kwanza, kisha hushuka.

Jambo la pili katika orodha hii lisomwe kwa makini. Mke anaweza kuwa na mume mmoja tu maisha yake yote na bado akapata PID, kwa sababu hatari yake inategemea pia mwenendo wa mwenzake.

Dalili zake

Dalili kuu ni maumivu ya tumbo la chini, yaani chini ya kitovu, mara nyingi pande zote mbili. Yanaweza kuwa makali ghafla, au yakawa maumivu ya polepole yanayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa. Mara nyingi huanza wakati wa hedhi au muda mfupi baada yake.

Dalili nyingine ni hizi:

• Majimaji ya ukeni yasiyo ya kawaida, ya manjano au kijani, au yenye harufu mbaya.
• Maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa, au kutokwa na damu baada yake.
• Damu inayotoka katikati ya hedhi mbili, au hedhi nzito na yenye maumivu kuliko ilivyozoeleka.
• Kuhisi moto wakati wa kukojoa.
• Homa, kutetemeka, kichefuchefu au kutapika.
• Maumivu ya kiuno na mgongo wa chini.
• Mara chache, maumivu ya upande wa juu wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, maambukizi yanapofika karibu na ini.

Si lazima mgonjwa awe na dalili zote. Wengine huwa na moja tu, tena ndogo. Wengine hawana kabisa, na hugundua kuwa waliwahi kuugua wanapotafuta mtoto na kukosa. Kwa hiyo ukali wa maumivu si kipimo cha ukubwa wa madhara. Klamidia, ambayo huumiza kidogo, huweza kuharibu mirija sawa na kisonono kinachoumiza sana.

Kwa nini huchukuliwa kuwa ugonjwa mwingine?

Chukua mfano wa mama mchuuzi wa samaki anayeamka alfajiri kwenda ufuoni. Tumbo la chini linamuuma na mkojo unamchoma. Anapita kwenye duka la dawa, anaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, na anauziwa tembe za siku tano. Maumivu yanapungua. Miezi miwili baadaye yanarudi. Safari hii anaambiwa labda ni ameba. Mara ya tatu anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Kila mara ametumia pesa na kila mara amepata nafuu kidogo, lakini hakuna aliyempima nyonga wala kumuuliza kuhusu hedhi, majimaji au mumewe.

Mfano huu ni wa kawaida kwa sababu dalili za PID zinafanana na za magonjwa mengi. Maambukizi ya njia ya mkojo huchoma, kidole tumbo huumiza upande wa kulia, na uvimbe wa ovari au mfuko wa uzazi huleta maumivu na damu. Hatari zaidi ya zote ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo nayo huanza kwa maumivu ya tumbo la chini. Kuyatofautisha kunahitaji mhudumu aliyefunzwa, meza ya uchunguzi na vipimo. Kaunta ya duka la dawa haitoshi.

Nusu dozi nayo huleta madhara mawili. Hutuliza dalili bila kuua vijidudu vyote, na huvizoesha vijidudu dawa. Kisonono tayari kimekuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizokitibu vizuri miaka ya nyuma.

Madhara ya kuchelewa

Madhara makubwa ya PID ni manne.

La kwanza ni kushindwa kushika mimba. Mirija ikiziba kwa makovu, yai na mbegu ya mwanamume havikutani. Utafiti uliofanywa katika mji wa Lund nchini Uswidi na kuchapishwa mwaka 1992 uliwafuatilia wanawake waliothibitishwa kuwa na PID. Waliougua mara moja, takriban 8 katika kila 100 walishindwa kupata mimba kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili, idadi ilikaribia 20 katika kila 100. Waliougua mara tatu au zaidi, ilifika 40 katika kila 100. Hesabu hii ina habari njema na onyo. Habari njema ni kwamba aliyeugua mara moja na kutibiwa ana nafasi kubwa ya kuzaa. Onyo ni kwamba kila marudio huipunguza nafasi hiyo sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uchunguzi zaidi wa wanawake hao ulionyesha kuwa waliosubiri siku tatu au zaidi tangu dalili kuanza kabla ya kutibiwa walipata matatizo ya uzazi mara nyingi zaidi kuliko waliotibiwa mapema. Siku tatu ni muda mfupi. Ni muda wa kusema, "Nitaona Jumatatu."

La pili ni mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija wenye kovu unaweza kupitisha mbegu lakini ukakwamisha yai lililorutubishwa. Mimba hukua ndani ya mrija mpaka mrija unapasuka, na mama huvuja damu ndani kwa ndani. Mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akapata maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini, damu kidogo ukeni, kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya bega, apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Hiyo ni dharura ya saa, na kungoja kukuche kunaweza kumgharimu maisha.

La tatu ni maumivu ya nyonga yasiyokwisha, yanayoendelea kwa miezi au miaka hata baada ya vijidudu kufa. Maumivu hayo huathiri kazi, usingizi na ndoa.

La nne ni jipu kwenye mrija na ovari. Jipu hilo likipasuka, usaha humwagika tumboni na maisha huwa hatarini.

Kinachofanyika kituoni

Hofu ya kutojua kinachosubiri huwazuia wengi. Mambo ni haya.

Mhudumu huanza kwa maswali: maumivu yalianza lini, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kuna majimaji, kuna mwenzi mpya, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Maswali haya huulizwa mgonjwa akiwa peke yake na mhudumu. Hayana nia ya kumhukumu. Jibu la kweli ndilo humwelekeza mhudumu kwenye dawa sahihi.

Kisha hufanyika uchunguzi wa tumbo na wa nyonga. Mhudumu huangalia mlango wa kizazi, na kwa vidole vyenye glavu huhisi kama mlango huo, mfuko wa uzazi au sehemu za pembeni zinauma. Uchunguzi huchukua dakika chache. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kila hatua, kuomba awe na mhudumu wa kike pamoja naye chumbani, na kusema asimame akiumia.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha PID. Kipimo cha mimba ni cha lazima, ili mimba iliyotunga nje isipitwe. Mkojo hupimwa, pamoja na virusi vya ukimwi na kaswende. Inapohitajika, picha ya mawimbi ya sauti huonyesha jipu au uvimbe. Mara nyingi mhudumu huanza matibabu kwa kufuata dalili bila kungoja majibu yote, na kuna sababu nzuri: kumtibu mapema asiyekuwa nayo kuna madhara madogo kuliko kumchelewesha aliye nayo.

Matibabu ni dawa za kuua vijidudu zaidi ya aina moja, kwa kuwa vijidudu vyenyewe huwa vya aina nyingi. Kwa kawaida ni sindano moja pamoja na tembe za siku 14. Mgonjwa ayazingatie haya:

• Amalize siku zote 14, hata maumivu yakiisha siku ya nne.
• Anywe tembe baada ya chakula na kwa maji mengi. Asilale mara tu baada ya kuzimeza.
• Asinywe mnazi wala pombe nyingine wakati wa matibabu.
• Amweleze mhudumu kama ni mjamzito, ananyonyesha, au ana mzio wa dawa yoyote.
• Asigawane tembe na mume, dada au jirani. Kila mtu ana dozi yake.
• Arudi kituoni ndani ya siku tatu aangaliwe kama anapata nafuu. Homa au maumivu yakiendelea, asingoje dozi iishe.

Mjamzito, mwenye homa kali, anayetapika hadi dawa hazikai, au anayeshukiwa kuwa na jipu, hulazwa na kutibiwa kwa dawa za mshipani.

Baba naye anahusika

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibika. Mke anatibiwa, anamaliza dozi, anapona. Mume hajatibiwa kwa sababu hana dalili. Wiki chache baadaye mke anaambukizwa tena, na hesabu ya Lund inaanza kusonga: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Kwa hiyo kila mwanamume aliyelala na mgonjwa katika siku 60 kabla ya dalili kuanza anapaswa kupimwa na kutibiwa, hata akijihisi mzima kama chuma. Wote wawili wajiepushe na tendo la ndoa mpaka wamalize dawa na dalili ziishe.

Jambo moja lisemwe wazi, kwa sababu limevunja nyumba nyingi. Herufi PID kwenye kitabu cha kliniki si ushahidi kwamba mke au mume ametoka nje ya ndoa. Baadhi ya visa havitokani na zinaa kabisa. Vingine vinatokana na klamidia iliyokaa kimya tangu kabla ya wawili hao kukutana. Kipimo hakisemi maambukizi yaliingia lini wala yaliletwa na nani. Mume anayemfukuza mke aliyeugua, au mke anayeficha dawa kwa kuogopa kipigo, wote wanaupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Mwanamke anayehofia usalama wake amwambie mhudumu kabla ya kutoka chumbani, ili washauriane njia ya kumfikia mwenzi bila kumweka hatarini.

Na pale mtoto anapokosekana, wapimwe wote wawili. Kumwita mwanamke tasa kabla mwanamume hajapima mbegu zake ni dhuluma, na pia ni kupoteza muda wa matibabu.

Dhana zinazopotosha

"PID huambukizwa chooni." La. Klamidia na kisonono havipatikani kwa kukalia choo wala kwa kutumia bafu la pamoja.

"Koili ndiyo inaleta PID." Koili yenyewe hailetu ugonjwa. Hatari ndogo iliyopo ni ya wiki za mwanzo, na hupungua sana mwanamke akichunguzwa kabla ya kuwekewa. Mwenye koili akipata PID, mara nyingi hutibiwa bila hata kuitoa.

"Lulu na dawa za kusafisha kizazi zinaponya." Vifurushi vya mitishamba vinavyowekwa ukeni, ambavyo huuzwa mitandaoni na mitaani, havitibu PID. Uke hujisafisha wenyewe. Kuweka vitu ndani huunguza ngozi yake na kuua vijidudu vinavyoulinda. Maji safi kwa nje yanatosha.

"Aliyeugua PID hatazaa tena." Wengi waliotibiwa mapema wamezaa. Na kwa upande mwingine, aliyewahi kuugua asidhani hawezi kushika mimba. Kama hataki mimba, aendelee na uzazi wa mpango.

"PID ni saratani." La. Ni maambukizi. Lakini mwanamke anapofika kliniki kwa ajili ya uchunguzi, ni vyema aulize pia kuhusu kupimwa saratani ya mlango wa kizazi.

Kinga

Kinga ya kwanza ni kuzuia magonjwa ya zinaa. Kondomu ikitumiwa vizuri kila mara hupunguza sana hatari ya klamidia na kisonono. Uaminifu wa watu wawili waliopimwa ni kinga, na kuahirisha tendo la ndoa ni kinga kwa vijana. Tembe, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango huzuia mimba tu. Havizuii maambukizi.

Kinga ya pili ni kupimwa kabla ya dalili. Utafiti wa mjini Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa wanawake waliotafutwa wakapimwa na kutibiwa klamidia walipata PID chini ya nusu ya wale walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida. Mwanamke kijana, mwenye mpenzi mpya, au ambaye mwenziwe ametibiwa ugonjwa wa zinaa, aombe kuchunguzwa hata kama hahisi kitu.

Kinga ya tatu ni kujifungulia kituoni, na kurudi mapema homa au harufu mbaya ikitokea baada ya uzazi au mimba kuharibika.

Huduma na haki ya mkazi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi. Kifungu hichohicho kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mama aliyepasuka mrija ni mgonjwa wa dharura.

Mkazi wa Ganze, Magarini, Rabai, Kaloleni au kwingineko hana haja ya kuanzia hospitali kubwa. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3 kupitia hazina ya afya ya msingi. Ambaye hajajisajili anaweza kupiga *147# kwenye simu yake, au kumwomba mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake amsaidie. Mgonjwa anayehitaji kulazwa au kupasuliwa hupewa rufaa kwenda hospitali kama za Kilifi, Malindi na Mariakani.

Anapokwenda, abebe kitabu chake cha kliniki, tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na pakiti za dawa zote alizokwisha kunywa, hata zile za dukani. Akifika mapokezi na kuona haya kueleza mbele ya watu, aseme tu, "Nina maumivu ya tumbo la chini, naomba kuonana na mhudumu faraghani." Maneno hayo yanatosha kumwingiza chumbani.

Mama mkwe anayemwona mkaza mwana ameinama akishika tumbo, dada anayesikia mdogo wake akilia usiku wa hedhi, na mume anayeona mkewe amekunja uso kila wakati wa tendo la ndoa, wote wanaweza kuwa wa kwanza kusema neno. Neno lenyewe si refu: twende tukapime, leo.